Filamu za giza na jinamizi: Mwenzako aambiwe nini kabla ya kupendekezewa

MSHABIKI wa filamu anapoombwa na mwenzake amtajie filamu "nzito", aghalabu hukimbilia ile iliyomtikisa yeye mwenyewe kuliko zote. Huitaja kwa fahari, kama mtu anayesimulia alivyouvuka mto uliofurika, kisha humkabidhi mwenzake pasipo neno la ziada. Siku mbili baadaye filamu hurejeshwa. Aliyeiazima ama hasemi kitu, ama huuliza kwa uchungu: ulikuwa unanifikiriaje hata ukanipa kitu kama kile?

Swali hilo lastahili kujibiwa. Filamu za huzuni isiyo na tulizo, za ndoto zisizofasirika na za ukatili unaokera zina wapenzi wake wa dhati, na baadhi yazo zimo katika orodha za kazi bora kabisa za sinema duniani. Hata hivyo, ni vigumu kupata aina nyingine ya filamu ambayo pendekezo baya huleta hasara kama hii. Aliyeshauriwa vibaya kuhusu kichekesho hupoteza saa mbili tu. Aliyeshauriwa vibaya hapa huenda akakosa usingizi, au akafukuliwa msiba aliokuwa ameanza kuusahau. Huenda pia akaapa kutozigusa tena filamu za namna hiyo, zikiwemo zile ambazo zingemfaa.

Cheti cha umri hakitoshi kumwongoza. Nchini Kenya, Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) hutumia madaraja manne: GE kwa watazamaji wote, PG kwa watoto walio chini ya uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Hiyo 18 humwambia mzazi amfungie mtoto mlango, lakini haimwambii mtu mzima atakachokikuta ndani. Sinema ya majambazi inayomwaga damu mwanzo hadi mwisho yaweza kupewa 18 na mtazamaji akatoka akipiga mluzi. Nyingine isiyo na hata tone la damu yaweza kumwacha ameketi gizani, asijue pa kuanzia anapotaka kuinuka.

Giza si moja

Kosa la kwanza la wapendekezaji ni kuzitia filamu hizi kapu moja na filamu za kutisha. Filamu ya kutisha, ya mizimu au ya muuaji mwenye shoka, ina ahadi yake kwa mtazamaji: itamshtua, kisha itamwachilia. Hofu hupanda, hushuka, taa zikawashwa, watu wakacheka. Filamu zinazozungumziwa hapa hazitoi ahadi hiyo.

Nazo zenyewe hazifanani. Kuna zinazofuata mantiki ya ndoto, ambamo mambo hutukia bila sababu na hakuna anayeshangaa. Huu ndio mkondo uitwao usurealisti, ulioasisiwa na washairi na wachoraji jijini Paris katika miaka ya 1920. Kuna zinazosawiri dunia halisi na watu wa kawaida, ila humo hamna mlango wa kutokea. Tena kuna zinazoutanda ukatili mbele ya macho na kumtaka mtazamaji aushuhudie. Filamu moja yaweza kuchanganya mawili au yote matatu. Hata hivyo, anayependa aina ya kwanza huenda asiistahimili ya tatu kwa dakika kumi, na anayependekeza bila kuzitofautisha ni sawa na muuza dawa anayemimina kutoka chupa yoyote iliyo karibu.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni katika uwanja huu. Riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zimejengwa juu ya mantiki iyo hiyo ya ndoto, na Kichwamaji (1974) yake haina faraja ya kumpa msomaji. Katika Babu Alipofufuka (2001), Said Ahmed Mohamed humleta mfu katikati ya walio hai ili awasute. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila humtembeza mhusika wake katika kile kiitwacho kijiji cha dunia kana kwamba anatembea ndani ya jinamizi. Aliyewahi kuketi na Nagona, akavumilia kutoelewa kurasa za mwanzo na bado akaendelea kusoma, tayari ana nusu ya ujuzi unaohitajika. Kwa hivyo, kabla ya kumuuliza mwenzako ametazama filamu gani, yafaa kumuuliza ni kitabu kipi alichokipenda ingawa hakukielewa chote. Jibu lake huonyesha pa kuanzia.

Karamu isiyokwisha

Kwa anayeanza na filamu za ndoto, si rahisi kupata mlango mzuri kuliko The Exterminating Angel, iliyotengenezwa nchini Mexico mwaka 1962 na mwelekezi Mhispania Luis Buñuel. Wageni matajiri wanaalikwa kwa chakula cha usiku baada ya kutoka kwenye opera. Watumishi wa nyumba hiyo wanaondoka mmoja baada ya mwingine bila sababu ya maana. Chakula kinaliwa, piano inapigwa, usiku unakwenda, na hakuna mgeni anayetoka. Mlango u wazi wala hakuna aliyewazuia. Hawawezi tu. Siku zinapita, njaa inaingia, wanavunja ukuta kulifikia bomba la maji, na ustaarabu wao unawatoka kama ngozi ya nyoka. Kondoo wanaingia chumbani. Buñuel hatoi maelezo yoyote, na filamu inakuwa bora kwa sababu hiyo.

Ubora wake kwa mgeni ni kwamba inachekesha, na ukatili wa kuonekana kwa macho ni mdogo. Akiifurahia, anaweza kurudishwa nyuma hadi Un Chien Andalou, yaani Mbwa wa Andalusia, filamu fupi ambayo Buñuel aliitengeneza mwaka 1929 pamoja na mchoraji Salvador Dalí kwa fedha za mama yake Buñuel. Chimbuko lake lilikuwa ndoto mbili: mmoja aliota wingu jembamba likiukata mwezi kama wembe unaokata jicho, na mwingine aliota kiganja kilichojaa sisimizi. Walikubaliana kutotia ndani taswira yoyote ambayo ingeweza kuelezwa kwa akili ya kawaida. Buñuel alisimulia baadaye kwamba siku ya onyesho la kwanza jijini Paris alijaza mawe mifukoni ili ajihami iwapo watazamaji wangemvamia. Hawakumvamia, walimshangilia.

Filamu hiyo haifikii hata nusu saa, lakini mwanzoni kabisa jicho linakatwa kwa wembe mbele ya kamera. Ni vyema mwenzako aambiwe mapema kwamba jicho hilo ni la ndama aliyekwisha kufa. Wapo wanaodai kuwa kulisema hilo ni kumharibia utamu. Hilo si kweli, kwani hata anayejua hufumba macho.

Marehemu David Lynch, Mmarekani aliyefariki Januari 2025, ndiye aliyeifikisha lugha hii ya ndoto kwa watazamaji wengi zaidi. Filamu yake ndefu ya kwanza, Eraserhead (1977), ilimchukua takriban miaka mitano kuikamilisha, mara nyingi akiipiga usiku katika majengo ya chuo cha filamu mjini Los Angeles na akikwama kila fedha zilipokwisha. Mhusika wake, Henry Spencer, ni mfanyakazi mnyonge katika mji wa viwanda usio na jua. Anaambiwa kwamba amekuwa baba, na kiumbe anacholetewa si mtoto kama watoto wengine. Kinalia usiku kucha. Lynch hakuwahi kufichua jinsi kiumbe hicho kilivyotengenezwa, na siri hiyo amekwenda nayo.

Picha za Eraserhead hutisha, ila sauti yake ndiyo inayochosha roho: mvumo wa mitambo usiokoma, mvuke, upepo, kilio. Aliyeitazama kwa spika duni za simu hajaitazama. Kwa upande mwingine, ni filamu ya kumwepusha nayo mtu aliyepata mtoto wa kwanza juzijuzi, hasa ikiwa mtoto huyo hana afya. Mzazi wa namna hiyo haioni kuwa ndoto. Mwenzako akiwa na shauku ya kumjua Lynch, Mulholland Drive (2001) ina mwangaza zaidi, na kutatanisha kwake ni kule kunakomfanya mtu airudie.

Nyumbani na jirani

Ipo dhana miongoni mwa washabiki wa Nairobi na Mombasa kwamba filamu za aina hii ni mali ya Wazungu. Dhana hiyo haina mashiko. Filamu ya Senegal, Touki Bouki (1973) ya Djibril Diop Mambéty, ambayo jina lake kwa Kiwolofu lina maana ya safari ya fisi, ina ndoto na uchungu wa kutosha. Mory, kijana anayeendesha pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, na mpenzi wake Anta, ambaye ni mwanafunzi, wanatafuta fedha kwa hila ili wapande meli kwenda Paris. Mawazo, kumbukumbu na matukio vinachanganyika hivi kwamba mtazamaji hawezi kuapa ni kipi kilichotokea kweli. Anayeipendekeza asisahau kutaja ng'ombe: machinjio yanayoonyeshwa humo ni ya kweli, na kamera haigeuki upande.

Nchini Kenya kwenyewe kuna Kati Kati (2016) ya mwelekezi Mbithi Masya. Mwanamke kijana, Kaleche, anajikuta nyikani akiwa na mavazi ya hospitali, bila kumbukumbu ya jina wala ya alikotoka. Anaiendea hoteli iliyo peke yake mbugani na kuwapata watu wanaomkaribisha kwa uchangamfu. Wanamwarifu kwamba amekufa, na wao pia. Kila mmoja pale ana jambo la duniani ambalo hajalikabili, na hakuna anayeweza kuondoka kabla ya kulikabili. Nyokabi Gethaiga ndiye aliyeigiza Kaleche, naye Elsaphan Njora akawa Thoma, kiongozi wa kundi. Filamu hiyo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, katika tamasha la Toronto mwaka huo wa 2016.

Kati Kati ni fupi na haina ukatili wa kuchefua, nayo yazungumza kwa sauti ambayo Mkenya anaitambua. Lakini ni filamu ya wafu. Kwa mtu aliyezika karibuni yaweza kuwa tulizo kubwa au kidonda kipya, na hakuna ajuaye ila mwenyewe. Aulizwe.

Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu ni fupi zaidi, takriban dakika 20. Inasawiri Afrika Mashariki ya miaka mingi ijayo, baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi chini ya paa lililofungwa, jasho na mkojo wao vikichujwa kuwa maji ya kunywa. Anayeota ndoto huamriwa ameze vidonge vya kuizuia. Asha, mhifadhi wa jumba la makumbusho, anaota mti. Kwa mwenzako anayesema hana muda, mpe hii kwanza.

Saa 7 za matope

Hungary ndiyo iliyoleta filamu zilizokata tamaa kwa utulivu mkubwa kuliko zote. Béla Tarr alikamilisha Sátántangó mwaka 1994 kutokana na riwaya ya László Krasznahorkai, mwandishi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2025. Ina urefu wa zaidi ya saa 7. Mvua inanyesha, matope yanazidi, wanakijiji wa shamba la ushirika lililokufa wanasubiri fedha na kusalitiana, na kamera inawafuata kwa mwendo wa jeneza. Hii si filamu ambayo ingemfaa DJ Afro, kwani hamna wa kupigwa wala wa kupiga.

Kumpa mtu Sátántangó kuwa filamu yake ya kwanza ya Tarr ni kumkomoa. Isitoshe, ina sehemu ndefu ambapo msichana mdogo anamtesa paka. Tarr alisisitiza kwamba paka huyo hakudhurika, lakini wapo watazamaji wasiotaka hata kuonyeshwa. Afadhali aanze na The Turin Horse (2011), ya saa mbili na nusu hivi. Mkulima na binti yake wanaishi peke yao kwenye nyumba ya mawe huku upepo ukivuma bila kukoma. Wanavaa, wanachota maji, wanakula kiazi kimoja kimoja cha moto kwa mikono. Farasi wao anakataa kula. Kila siku kitu kimoja zaidi kinakoma. Filamu nzima ina mikato michache mno, vipande vya picha 30 tu, hali sinema ya kawaida huwa na mamia.

Kwa nini mtu ajitie majonzi hivyo kwa hiari? Anayeuliza akumbuke mbolezi. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zina nyimbo za kufiwa ambazo kazi yake si kumpoza mfiwa upesi. Hutaja wazi kilichopotea na kukitaja tena. Filamu ya Tarr hufanya kazi hiyo. Haimdanganyi mtu kwamba mambo yatatengemaa, na kuna nyakati ambapo kutodanganywa huwa heshima. Ikumbukwe pia kwamba mbolezi haziimbwi na mtu mmoja aliyejifungia chumbani.

Mtoto aliyezeeka kwa siku chache

Iwapo kuna filamu moja inayotajwa mara nyingi washabiki wanapoulizana ni ipi iliyowaumiza zaidi, ni Come and See, yaani Njoo Uone, ya mwelekezi wa Kisovieti Elem Klimov (1985). Jina lake limetolewa katika sura ya 6 ya kitabu cha Ufunuo. Mahali ni Belarus, mwaka ni 1943. Flyora, kijana aliyebalehe juzi, anachimbua bunduki mchangani ili ajiunge na wapiganaji wa msituni dhidi ya Wanazi. Anaondoka nyumbani akitabasamu. Kinachofuata ni siku chache tu, lakini uso wake mwishoni ni wa mzee.

Klimov hakubuni mambo hayo kwa ajili ya kutisha. Mwandishi mwenza wake, Ales Adamovich, alikuwa mpiganaji wa msituni akiwa kijana, na baadaye alishirikiana na waandishi wenzake kukusanya ushahidi wa walionusurika katika vijiji vilivyochomwa pamoja na wakazi wake. Filamu inafunga kwa kutaja idadi ya vijiji hivyo nchini Belarus: 628. Wakaguzi wa serikali ya Kisovieti waliuzuia mradi huo kwa miaka mingi kabla ya kuuruhusu. Aliyeigiza Flyora, Aleksei Kravchenko, hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa kijana wa shule.

Mbinu moja ya filamu hii yafaa kutajwa kwa sababu humpata mtazamaji bila kutarajia. Mabomu yanapoanguka msituni, Flyora anazibwa masikio, na tangu hapo mtazamaji naye husikia mlio mwembamba na sauti za watu kama zinatoka chini ya maji. Huwezi kuitazama kwa mbali kama habari ya jioni. Unakuwa ndani ya kichwa cha kijana huyo na hakuna pa kutokea. Klimov hakutengeneza filamu nyingine hadi alipofariki mwaka 2003.

Je, ipendekezwe? Ndiyo, lakini si kwa kila mtu. Katika ukanda huu wamo watu waliokimbia nyumba zinazoungua, na si hadithi kwao. Aliyepitia hayo hahitaji filamu ya kumfundisha, na mpendekezaji hana haki ya kumshtukiza nayo. Kwa mtu anayevipenda vita vya sinema, anayehesabu magari ya kivita yaliyolipuliwa, hii ndiyo dawa yake.

Mkasa wa katuni

Mitego mikubwa zaidi ni ile isiyofanana na mitego. Grave of the Fireflies, ya mwelekezi Isao Takahata wa studio ya Ghibli nchini Japani (1988), ni katuni. Mzazi aliyeona picha ya jalada, kaka na dada yake mdogo wakiwa miongoni mwa vimulimuli, anaweza kuiwekea watoto Jumapili alasiri na yeye aende jikoni. Atakaporudi atawakuta katika hali asiyoitarajia.

Filamu inaanza na sauti ya mvulana, Seita, akitaja tarehe aliyokufa: Septemba 21, 1945. Hiyo ni zaidi ya mwezi mmoja baada ya Japani kutangaza kusalimu amri. Kwa hivyo mtazamaji hapewi hata nafasi ya kutumaini. Anayajua yote tangu dakika ya kwanza, kisha anarudishwa nyuma kutazama jinsi yalivyokuja: mabomu ya moto jijini Kobe, mama aliyeungua, ndugu wa ukoo anayewapunguzia chakula kidogo kidogo na kuwasimanga, na Setsuko, mtoto wa miaka minne, aliyelikumbatia kopo lake la peremende hata lilipokuwa tupu.

Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi hiyo mwaka 1967, alikuwa amempoteza dada yake mdogo kwa utapiamlo mwaka 1945. Aliandika akijilaumu kwamba hakumtunza ipasavyo. Anayejua hilo huitazama filamu kwa jicho jingine, kwa sababu Seita naye hukosea. Kiburi chake kina sehemu katika kifo cha dada yake, na Takahata halifichi jambo hilo chini ya machozi. Ndiyo sababu filamu hii yapita nyingi zinazotaka tu kumliza mtu.

Kimsingi si filamu ya kuficha. Vijana wa shule za upili wanaweza kuitazama na mtu mzima akiwa karibu, na mazungumzo ya baadaye yakawafaa. Haimfai mtoto wa miaka sita aliyeahidiwa katuni.

Zisizotajwa ovyo

Zimesalia filamu ambazo hazipaswi kupendekezwa kabisa mpaka mtu aziulizie mwenyewe. Salò, ya Mwitaliano Pier Paolo Pasolini, ni ya kwanza katika kundi hilo. Pasolini aliuawa Novemba 2, 1975, majuma machache kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa. Ilipigwa marufuku katika nchi kadhaa, na Uingereza haikuipa cheti hadi mwaka 2000. Inaonyesha watawala wa kifashisti wakiwadhalilisha vijana katika jumba la fahari, na hoja yake kuhusu mamlaka yasiyo na mpaka ni nzito na ya kweli. Ila watu wengi huitafuta kwa sababu ya sifa yake mbaya tu. Hao hawapati hoja, wanapata kichefuchefu. Kuikosa si hasara ya kumwondolea mtu hadhi ya ushabiki.

Michael Haneke wa Austria ni suala jingine. The Seventh Continent (1989) yake inafuata familia ya wasomi, baba, mama na binti, wanaoamua kukatisha maisha yao na kuharibu kila walicho nacho kabla ya hapo. Haneke amewahi kusimulia kwamba katika tamasha la Cannes watazamaji waliinuka na kutoka kwa hasira, si kwa sababu ya vifo, bali pale wazazi hao walipochana noti na kuzitupa chooni. Ni ushahidi mkali kuhusu kile watu wanachokithamini. Pamoja na hayo, ni filamu isiyostahili kufika mikononi mwa mtu aliyelemewa na mawazo, au aliyewahi kumpoteza mpendwa kwa njia hiyo, na mara nyingi mpendekezaji hawezi kujua ni nani aliye hivyo miongoni mwa marafiki zake. Iache kwake mwenyewe.

Maneno machache ya kutangulia

Washabiki hukhofia kusema lolote kabla ya filamu kwa kuwa hawataki kufichua kisa. Hofu hiyo ina msingi, ila aina ya maumivu si kisa. Mtu anaweza kuambiwa kwamba kuna mtoto anayekufa bila kuambiwa ni lini wala vipi. Anaweza kuambiwa kuwa mnyama anateswa, kwamba ina saa 7, kwamba mwisho hauna faraja, kwamba hakuna jambo litakaloelezwa na asisumbuke kulitafuta. Hilo la mwisho huwafaa sana wanaoanza na Buñuel au Lynch. Wengi huzichukia filamu hizo kwa kudhani wamefeli mtihani, hali hakukuwa na mtihani.

Aambiwe pia kwamba ana ruhusa ya kuizima. Wapo wanaoona kuizima filamu katikati ni aibu, na wapo washabiki wanaowacheka wanaofanya hivyo. Sátántangó yenyewe aghalabu huonyeshwa kwa vipindi, watu wakapumzika, wakala, wakarudi. Hakuna anayewacheka.

Wakati nao ni muhimu. Come and See isitazamwe saa nne za usiku kabla ya kulala, wala na mtu aliye peke yake ikiwa ni mara ya kwanza. Aliyeipendekeza, kama kweli ana imani nayo, na akae aitazame tena na mwenzake, na asiondoke mara tu maandishi ya mwisho yanapopita.

Kuhusu Grave of the Fireflies, kuna jambo la ajabu katika historia yake. Ilipotoka mwezi Aprili 1988, katika kumbi za Japani ilioanishwa na filamu nyingine ya studio iyo hiyo, My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, mojawapo ya katuni zenye furaha kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, nayo ni ya dada wawili wanaokutana na zimwi mpole msituni. Watazamaji walizipata zote mbili kwa tiketi moja. Anayemwazima mwenzake ile ya kwanza na amtilie na ya pili kwenye bahasha hiyo hiyo, na aandike juu yake kwa wino unaoonekana: hii itazame mwisho.